Paskazia Hakuiachia Bendera

Kabla miguu haijaanza kumgeuka, Paskazia alitembea hata mawe ya Igogo yakampisha. Mawe yenyewe ni makubwa kama nyumba, yamepandana kilimani kama ng'ombe wanaosukumana zizini, na nyumba za watu zimejibana katikati yake. Paskazia alipanda humo na mtungi wa maji kichwani, mikono yote miwili ikisuka ukili, mdomo ukigombana na mbuzi wa jirani. Siku moja alitoka sokoni na tenga la ndizi kichwani, kuku wa mtu akaruka akakaa juu ya ndizi. Paskazia hakujisumbua kumfukuza. Alipofika nyumbani akatua tenga, akakuta yai. Kuku ametaga njiani, kilima kizima, na yai halikupata hata ufa. Anayebisha akamuulize kuku.

Alikuja Mwanza kwa meli kutoka Bukoba akiwa mke wa Clavery, fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Clavery alikufa akamwachia binti mmoja, Celestina, na nyumba ya vyumba viwili chini ya jiwe ambalo kila mgeni aliliangalia mara mbili kabla ya kuingia ndani. Celestina alipoolewa Nyakato, watu wakamshauri mjane arudi kwao kwenye migomba.

"Migomba ina wenyewe," akawajibu. "Mimi nina jiwe."

Akakaa. Na alikaa kwa nguvu, hata Chama kilipobadili jina na bendera mpya zikaja, za kijani zenye jembe na nyundo, nyumba kumi za pale juu zikamchagua yeye awe balozi wao. Mwanamke, tena mjane, tena Mhaya kwenye kilima cha Wasukuma! Bendera ikasimikwa mbele ya mlango wake kwenye mti wa mkaratusi. Mzee Kashindye wa nyumba ya mwisho, aliyekuwa ameshanunua kofia ya kuvalia ubalozi, alinuna hata mbuzi wake wakaacha kunywa maji.

Ubalozi si lelemama. Mume kampiga mke, anaitwa balozi. Mgeni kaingia, aambiwe balozi. Na vita vya Kagera vilipokwisha, sabuni na sukari zikawa zinafika dukani kama mvua ya Agosti, balozi ndiye aliyesema nyumba ipi ianze kupata. Paskazia alianza na wenye watoto wachanga, akafuata wagonjwa, yeye mwenyewe akajiweka mwisho, na mara nyingi mwisho huo haukuwa na sabuni. Kashindye hakuwa na mtoto mchanga wala mgonjwa. Aliona anaonewa.

Hapo ndipo kiu ilipomshika Paskazia, kiu ya mtu aliyelamba chumvi yote ya Uvinza. Alikunywa mtungi asubuhi, akanywa mwingine jioni, na yote aliyoyanywa yakataka kutoka. Akelo, jirani yake Mjaluo wa Shirati, alikuja akamtazama akinywa, akapiga mluzi.

"Mama Celestina, punguza. Ziwa limerudi nyuma. Meli ya Bukoba imekwama kwenye tope kwa sababu yako."

Lakini maji hayakukaa mwilini. Nyonga zikamwisha, midomo ikakauka, na kila aliposimama kilima kilizunguka naye. Akelo akamkokota mpaka zahanati. Tabibu Ojuok, kijana mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, akachukua mkojo wake, akauchanganya na dawa ya bluu kwenye kichupa cha kioo, akakipasha juu ya moto wa spiriti. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, mwisho ikatulia rangi ya tofali la kuchoma.

"Mama, una ugonjwa wa kisukari."

"Nchi nzima haina sukari, mimi nimeipata duka gani?"

Ojuok alicheka, lakini vidonge alimpa. Kimoja kila asubuhi, akasema, pamoja na chakula. Kiu ikapungua, nyonga zikaanza kurudi, na Paskazia akajua amemaliza kazi.

Kumbe kizunguzungu kilikuwa kimetoka mlango wa mbele kikaingia wa uani. Sasa kilikuja na siku yake, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Misa ikiwa katikati, kabla ya komunyo, jasho lilimtoka Paskazia kama amebeba gunia, mikono ikatetemeka, moyo ukakimbia. Mara ya kwanza alishika benchi, ikapita. Mara ya pili aliona mapadre wawili, naye aliyajua vizuri mapato ya parokia, yasingetosha kulisha wawili. Mara ya tatu alimgeukia katekista akamwambia kwa sauti amtoe mbuzi wake altareni, kisha akaketi mapajani mwa kiongozi wa kwaya. Kwaya ikasimama katikati ya wimbo.

Wakambeba nyumbani. Akelo ni Msabato, Jumapili yake ni siku ya kazi, kwa hiyo uji ulikuwa jikoni. Akamnywesha. Kabla kikombe hakijaisha Paskazia alikuwa ameshakaa wima, anauliza nani amemvua kitambaa.

Kilima kina masikio na kina midomo. Wapo waliosema amerogwa, lakini Kashindye alikuwa na maneno matamu zaidi.

"Jumamosi watu wanakunywa, Jumapili wanayumba," alisema kwenye kijiwe cha bao. "Mhaya na rubisi ni samaki na maji. Ninyi mnataka sabuni zenu zigawiwe na mlevi?"

Paskazia alikuwa hajaonja rubisi tangu matanga ya Clavery. Lakini mtu anayeyumba hana wakili. Wiki ile ile akaja Josephat, katibu wa tawi, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, akasimama mbali kidogo na mlango.

"Shikamoo, Mama Balozi."

"Marahaba. Sogea. Hata kama nimelewa, siumi."

Josephat akaangalia viatu vyake. "Mama, Jumapili hii baada ya misa wenye nyumba kumi watakutana hapa. Malalamiko yamefika tawini. Ikithibitika ni ulevi, bendera itashuka, itahamia kwa mwingine."

"Na Jumapili ameichagua nani?"

"Mzee Kashindye. Anasema siku hiyo mtajionea."

Paskazia alipobaki peke yake aliitazama bendera. Kipande cha kitambaa tu, jua limeshaanza kukipausha. Lakini tangu kisimikwe pale, hakuna aliyemwambia tena arudi kwenye migomba. Ikishuka, atakuwa nini? Mjane mgonjwa chini ya jiwe. Akafunga khanga kwa hasira, akateremka zahanati, mkono mmoja ukipapasa mawe kama kipofu.

"Shikamoo, mama," alisema Ojuok.

"Marahaba. Umenipa dawa inayoniangusha mbele ya Padre. Niambie ni kitu gani kinaniangusha, nikakitukane."

"Kaa kwanza. Dawa unameza wakati gani?"

"Alfajiri, kama ulivyosema."

"Na chakula?"

"Chakula Jumapili? Waitu! Kijana, wewe umebatizwa kweli? Mimi napokea komunyo."

"Kwa hiyo unakula saa ngapi?"

"Misa ikiisha."

"Inaisha saa ngapi?"

"Inategemea Padre ameamkaje."

Ojuok akaweka kalamu chini, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mama, dawa hii ni kama kibarua uliyempa kopo akukombee maji kwenye mtumbwi. Maji ni sukari iliyozidi kwenye damu. Ukila, maji mengine yanaingia, kibarua ana kazi. Usipokula, anakomba mpaka pakavu, halafu anaanza kukwangua mbao. Damu ikiishiwa sukari kabisa, jasho linakutoka, unatetemeka, kichwa kinazunguka, unasema mambo yasiyokuwepo. Na mtu anaweza kuzimia akafa hivyo hivyo."

Paskazia alimkumbuka mbuzi wa altareni.

"Lakini Padre si alishatangaza?" Ojuok aliendelea. "Siku hizi ni saa moja tu kabla ya komunyo. Na mgonjwa anapunguziwa hata hiyo."

"Alitangaza. Mimi sikukubali. Marehemu mama yangu alituambia tangu usiku wa manane mdomo ufungwe. Yesu hakaribishwi juu ya maharage."

"Basi chagua, mama. Ule, au usimeze dawa uirudie ile kiu, au uanguke."

"Hicho ni cha Jumapili. Na siku nyingine? Nikiinuka kitini dunia inapepesuka. Kukiwa na giza naenda kama niko kwenye mtumbwi."

Hapo Ojuok akafanya mambo ya ajabu. Akampima mkono kwa mpira wa kupimia presha akiwa amekaa, akampima tena akiwa amesimama. Damu, akasema, inachelewa kupanda kichwani anapoinuka ghafla, hasa mwili ukiwa na upungufu wa maji, kwa hiyo ainuke kwa vituo, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Akamwambia asimame miguu pamoja afumbe macho. Paskazia akafumba, na kijana akamdaka kabla hajaenda ukutani. Kisha akamkalisha, akamvua kandambili, akamwambia atazame dirishani.

"Sema nikikugusa."

Paskazia akatazama. Nje mwanamke alikuwa akianika dagaa juu ya jiwe. Akamtazama mpaka akamaliza tenga zima.

"Mbona huanzi?"

Ojuok akamwonyesha kipande cha pamba. Kilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu wake, kinasuguliwa huku na huku, na mguu ulikuwa umetulia kama wa mtu mwingine.

"Ugonjwa umekula mishipa inayopeleka habari," alisema taratibu. "Mguu haujui umekanyaga wapi, kwa hiyo kichwa kinategemea macho. Ukifumba, au giza likiingia, kichwa hakina wa kumuuliza. Masikio nayo yana kazi ya kuushikilia mwili usianguke. Hayo na macho nitakupeleka hospitali kubwa wakayaangalie. Si kitu kimoja kinachokuangusha, mama."

"Mguu utapona?"

"Tukiishika sukari vizuri, hautazidi kuharibika. Kupona wote, sikuahidi. Uvae viatu, uukague kila siku kama una kidonda. Na ushike fimbo."

"Fimbo ni ya wazee."

"Kwani mama una miaka mingapi?"

"Hilo dawa haikuuliza."

Alipofika mlangoni Ojuok akamwita. Yuko tayari, akasema, kupanda kilimani Jumapili awaeleze watu kwamba yeye si mlevi.

Paskazia akageuka, kwa vituo. "Asante, baba. Usije. Leo nikiletewa mwanamume wa kusema mimi si mlevi, kesho watataka mwingine wa kusema mimi ni balozi."

Jumapili ikafika. Jua lilikuwa halijapanda vizuri juu ya mawe Paskazia alipotoa kigoda, akakiweka chini ya bendera, mahali ambapo kila mwenye kwenda kanisani lazima apite. Akapakua sinia la ndizi za kupika na maharage, na kipande cha kambale mkavu juu yake. Akameza kidonge. Kisha akashika tonge, na mkono ukakataa kwenda mdomoni.

Marehemu mama yake alikuwa amesimama pale pale, bila viatu, rozari mkononi. Paskazia alimwona wazi kuliko alivyoona ziwa.

Nisamehe, mama, akasema moyoni. Kama ulitaka nife na njaa, ungeniachia basi na kwaya yenye mapaja imara.

Akala. Wapita njia wakapunguza mwendo. Dorotea, mke wa Kashindye, aliyevaa vitenge vya kanisani, akasimama kabisa.

"Mama Celestina! Unakula, na misa hiyo inalia kengele?"

"Nakula kwa ajili ya misa."

Akelo akatoa kichwa dirishani. "Leo umehamia kwetu? Umekuwa Msabato?"

"Msabato gani anakula kambale, samaki asiye na magamba?" Paskazia akainua mkia wa samaki juu watu wote wauone. "Tazameni vizuri! Mkiulizwa, mseme. Balozi amekula, ameshiba, na anakwenda kupokea!"

Akaenda. Ndizi mbivu alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, kwa dharura. Alipiga magoti, na alipoinuka aliinuka kwa vituo, mkono kwenye benchi, watu wa nyuma wakisubiri aporomoke. Kiongozi wa kwaya alikuwa amesogea mwisho kabisa wa safu. Paskazia alimpita, akapokea, akarudi mahali pake. Yesu hakulalamika kuhusu maharage.

Walipokutana mbele ya nyumba yake, Josephat alipewa kiti, wengine wakakaa juu ya mawe. Kashindye alikuwa amevaa ile kofia. Alikuja na kipande cha mkaa, akachora mstari mrefu juu ya jiwe bapa lililokuwa uani.

"Sina maneno mengi," alisema. "Mlevi hujulikana kwa mstari. Mama Balozi aupite, macho amefumba, tumalize."

"Aliyeuchora auzindue," alisema Paskazia kutoka kwenye kigoda.

Watu wakacheka. Kashindye akavua viatu, akafumba macho, akaupita mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, mguu mbele ya mguu, bila kutikisika hata kidogo. Mwishoni akageuka kama mchezaji ngoma wa Bujora. Wengine wakampigia makofi, maana kilikuwa kitu cha kutazamwa.

Makofi yale yalimpandisha Paskazia hasira. Akasahau vituo, akainuka kwa pupa. Kilima kikageuka. Ziwa likapanda juu, mbingu ikashuka, na mkono wake ukatafuta kitu chochote ukaukuta mti wa bendera. Akaukumbatia. Mti ukainama naye, bendera ikampepea usoni.

"Si mmeona?" Kashindye alirukaruka. "Si nilisema? Tazameni, ameng'ang'ania bendera!"

"Ndiyo nimeing'ang'ania!" sauti ya Paskazia ikatoka ndani ya kitambaa cha kijani. "Ulitaka niiachie?"

Kicheko kilichotoka pale kiliwaamsha popo wa mawe yote ya Igogo. Hata Josephat aliziba mdomo. Paskazia hakucheka. Alibaki ameshika mti mpaka damu ikampanda kichwani na watu wakarudi kuwa mmoja mmoja.

"Sasa nisikilizeni. Mstari huo siupiti. Si leo, si kesho. Nikifumba macho naanguka, maana miguu yangu imekufa ganzi. Ukiigusa sijui. Nina kisukari. Nikimeza dawa bila kula, naanguka. Nikiinuka kwa haraka, mmejionea wenyewe. Kanisani niliangushwa na ujinga wangu wa kufunga, pombe haikuwepo, anuse mdomo wangu anayetaka, atakuta kambale. Na huu ugonjwa haunitoki. Mwakani nitakuwa nayumba hapa hapa. Anayetaka balozi wa kutembea juu ya kamba amchukue Mzee Kashindye, miguu yake mizuri, nimeipenda." Akamgeukia kijana aliyekuwa amempakata mtoto juu ya jiwe. "Mayala. Mkeo alipozidiwa na uchungu, mchana ule wa mvua ya mawe, nani alishuka kutafuta gari?"

"Ni wewe, mama."

"Nikitembeaje?"

Mayala akamtazama mtoto wake. "Ukiyumba. Ulianguka, ukaamka, ukaanguka tena, mimi nakuona kutoka mlangoni, nimemshika mke wangu siwezi kumwacha. Ulirudi magoti yanatoka damu. Lakini gari la ushirika lilikuwa chini linangoja."

"Na Mzee Kashindye alikuwa wapi, na miguu yake?"

Kashindye akafungua mdomo. Akawahiwa.

"Alikuwa ndani," alisema Dorotea. "Alisema kofia italowa."

"Dorotea!"

"Nini, Baba Masanja? Si tuko mbele ya Chama? Tunasema kweli."

Josephat akasimama upesi, kabla ndoa haijaingia kwenye ajenda. Wanaomtaka Mama Paskazia, akasema, wasimame upande wa bendera, wanaotaka mabadiliko wasimame upande wa mstari. Mayala akaja na mtoto wake. Akelo akaja na mwiko mkononi. Mmoja baada ya mwingine wakajisogeza, wengine wakiona aibu kidogo, maana walikuwa wamepiga makofi. Wawili watatu walibaki mstarini na Kashindye, na Paskazia aliwatazama vizuri akawaweka moyoni. Dorotea alikaa kwenye jiwe lake akifikiri. Kisha akainuka, akavirekebisha vitenge vyake, akapita juu ya mstari wa mkaa akiufuta kwa nyayo, akaenda kusimama chini ya bendera.

"Inabaki," alisema Josephat. "Lakini Mama Balozi, naomba jambo moja. Fimbo."

"Nitaitafuta mwenyewe," alisema Paskazia. "Siletewi."

Mti wa bendera ulikuwa umelala upande kwa kukumbatiwa. Mayala akakata mwingine, mnyoofu, akausimika. Ule wa zamani mchwa walikuwa wameshaula chini, lakini juu ulikuwa mzima. Paskazia akaukata kwa kimo chake, akaupaka mafuta, akaanza kuutembelea kila mahali. Kashindye alinong'ona kijiweni kwamba ile ni mali ya Chama. Paskazia akapeleka habari kwamba aje aichukue, ila aishike upande wa juu, maana wa chini una kazi.

Hakuja. Alikuja siku sabuni ilipofika dukani, asubuhi na mapema, kofia mkononi, akamkuta Paskazia mlangoni na sinia la viazi mapajani, kidonge kwenye kiganja, fimbo imelala magotini.

"Habari za asubuhi, Mama Balozi. Nimesikia sabuni imekuja."

"Imekuja."

"Nikaona niwahi."

"Umewahi sana, mtani wangu. Kwanza nile. Ni amri ya tabibu."

Akameza kidonge. Akachukua kiazi cha kwanza, akakimenya taratibu, akakitafuna mpaka kiazi chenyewe kikaomba msamaha. Akachukua cha pili. Kashindye akasimama chini ya bendera kwenye jua, juu ya miguu yake mizuri, akasubiri.